Mbwa wangu analia nikitoka: nimpe dawa ya binadamu?

*Shangazi, tangu kaka yangu aende kazini Muscat, mbwa wetu Simba haeleweki. Nikienda kazini analia mpaka majirani wanalalamika, anakwaruza mlango hadi kucha zinatoka damu, na chakula anakigusa tu. Mwenzangu kazini ana vidonge vya fluoksetini vilivyobaki, vya sonona. Nimpe Simba? Watu wananicheka. (Msomaji, Tanga)*

Mwanangu, wanaokucheka waache. Mbwa hupata hofu ya kuachwa peke yake, na hofu hiyo ina tiba. Marekani iliidhinisha klomipramini, dawa nyingine ya sonona, kwa mbwa wa namna hii mwaka 1998, na fluoksetini mwaka 2007. Lakini vidonge vya mwenzako usimpe.

Kwanza apimwe damu. Huku kwetu pwani, mbwa aliyezubaa na kususa chakula mara nyingi ana homa ya kupe. Mfunue mdomo utazame fizi: zikiwa nyeupe au za manjano, au mkojo ukiwa na rangi ya chai, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Hata fizi zikiwa nzuri, omba vipimo vya ini na figo pia, na useme kama amewahi kupata degedege. Halafu tega simu irekodi nusu saa ya kwanza baada ya wewe kutoka. Mbwa mwenye hofu huanza mapema kuhema na kuzunguka mlangoni. Aliyechoshwa na kukaa bure hutafuna viatu kwa raha zake, na huyo hahitaji dawa.

Daktari akiamua dawa inafaa, kipimo cha fluoksetini hufuata uzito: miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Panda mzani umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Simba akiwa na kilo 20 ni miligramu 20 hadi 40. Kijibwa cha kilo 5 kikipewa kidonge kizima cha miligramu 20 kimepata mara mbili ya kiwango cha juu. Dawa za maji za binadamu ni hatari zaidi, maana nyingine hutiwa zailitoli, sukari mbadala inayoua mbwa.

Linalosahaulika sana ni dawa ya kupe. Wengi huogesha mbwa kwa ile ya josho la ng'ombe. Soma chupa: ukiona amitraz, isikutane kabisa na fluoksetini wala klomipramini. Amitraz huzuia serotonini, kemikali ya ubongo, isivunjwe, hizi huizuia isirudi kwenye neva, basi inarundikana: mbwa anatetemeka, joto linapanda, mboni zinapanuka, degedege linafuata. Tramadoli ya maumivu nayo ina hatari hiyohiyo. Fluoksetini hubaki mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kuachwa, kwa hiyo mwombe daktari dawa nyingine ya kupe tangu mwanzo.

Nafuu huja baada ya wiki 4 hadi 6. Siku za mwanzo hamu ya kula inaweza kushuka zaidi, na hapo ndipo watu huacha dawa au huongeza kidonge. Usifanye lolote kati ya hayo. Mpe pamoja na chakula, na akikataa kula kabisa mpigie daktari.

Dawa hupunguza hofu, haimfundishi mbwa kubaki peke yake. Shika funguo, kaa tena. Vaa viatu, kaa. Toka sekunde 5, rudi kabla hajalia. Akizoea, nenda 10, kisha 30. Akilia, umeruka hatua, rudi nyuma. Kipindi hicho chote mtafutie mtu wa kubaki naye, hata mtoto mkubwa wa jirani, kwa sababu asubuhi moja ya kulia mlangoni hufuta mazoezi ya wiki. Na ukikuta mlango umekwaruzwa usimchape. Haunganishi fimbo ya jioni na mlango wa asubuhi. Atajifunza tu kuogopa unavyorudi.

Akishatulia, aendelee na dawa miezi kadhaa, kisha daktari aipunguze taratibu. Usiikate ghafla.

Zile kucha zisafishe leo kwa maji vuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Zikivimba au zikitoa usaha, usingoje miadi.