Neno dogo tu nalala nalo moyoni, nifanyeje nistahimili?

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi nafanya usafi hotelini hapa Malindi. Mwezi wa 4 msimu ukiisha tunaambiwa tukae nyumbani mpaka tuitwe, na nikikumbuka tu hilo moyo wanidunda, silali. Siku hizi hata mavyaa akinirushia neno dogo nalia nalo mpaka kesho. Watu waniambia nijikaze. Nitapataje moyo mgumu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole sana. Hilo la kujikaza liweke kando kwanza, manake nadhani ndilo linalokuzidishia. Mwaka 1993 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Gross na Robert Levenson, waliwaonyesha watu filamu ya kuchukiza, wengine wakaambiwa wafiche wasionyeshe chochote usoni. Nyuso walizificha, lakini hisia yenyewe haikupungua, na alama za mshtuko mwilini kama jasho la ngozi zikapanda. Kwa hivo mimi sikutakii moyo mgumu, nakutakia moyo unaotikisika alafu ukarudi mahali pake mapema, na huo unafundishika.

Neno likikuchoma, adrenalini, homoni ya mwili ya kukabili hatari, inaingia kwenye damu kwa sekunde chache tu, moyo unaenda mbio, tumbo linakaza. Nyuma yake inakuja kotizoli, homoni nyingine ya msongo, ambayo inafika juu kabisa kama dakika 20 mpaka 30 baadae, alafu inashuka yenyewe ukiiacha. Sasa wewe huiachi, unalirudia neno la mavyaa ukifua, ukipika, ukilala, na kila ukilirudia mwili unaona kama umeambiwa upya. Si udhaifu huo, ni mwili unafanya kazi yake bila kupumzika.

Anza na pumzi. Vuta kwa pua ukihesabu 4, toa polepole ukihesabu 6, hesabu za kama sekunde moja moja, hiyo ni pumzi 6 kwa dakika. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, manake ukitoa ndipo neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaotoka ubongoni mpaka moyoni, inapoupunguzia moyo mwendo. Dakika 5 kila siku, na hasa siku umetulia, ukingoja mpaka upandwe na hasira hiyo hesabu hutaikumbuka. Kuna mama mmoja muuza mahamri, kukaa kitako na kufumba macho hakuwezi kabisa, tukakubaliana afanye alfajiri akikanda unga: akiukunja avuta, akiusukuma kwa viganja atoa, polepole mpaka donge lilainike. Hiyo hata wewe waeza kwa ufagio au kwa kukunja mashuka.

Usingizi nao. Jioni wanywa kahawa chungu? Kahawa na kashata baada ya magharibi ni ada yetu na mimi naipenda, lakini kafeini huchukua kama masaa 5 kupungua nusu, yaani kikombe cha saa 2 usiku, saa 7 nusu yake ingali inakuchezea. Ihamishie asubuhi.

Hofu ya msimu usibishane nayo kitandani. Tafuta daftari, kila siku baada ya alasiri kaa nayo dakika 15, andika kodi ni ngapi, ya chakula ngapi, chama kitatoka lini, nani ana kibarua. Ikikujia usiku iambie "kesho alasiri" na ugeuke upande. Mara za kwanza itakataa, usivunjike moyo.

Na mavyaa? Mtafute mtu mmoja unaemuamini umwambie waziwazi, "nimeona haya" au "nimeumia", lile neno lenyewe hasa, kuliko kusema tu "nina stresi". Hisia ikipata jina lake hupunguza ukali.

Lakini kama ni zaidi ya wiki 2 huna raha na chochote, huli, au unawaza heri ufe, usisubiri pumzi wala daftari, nenda hospitali leo na umwambie daktari hivohivo, usifiche, hiyo inatibika.

Kama si hivo, leo anza na hiyo kahawa tu, kesho pumzi, alafu niandikie baada ya wiki 2 uniambie unalala vipi.