Jeni mbili, uchafu uleule ukutani

Swali: Shikamoo daktari. Nasoma udaktari, mwaka wa 4. CADASIL na CARASIL ni magonjwa ya kurithi ya mishipa midogo ya ubongo: CADASIL inatokana na hitilafu ya jeni NOTCH3, CARASIL inatokana na HTRA1. Iweje basi protini zinazorundikana kwenye mishipa midogo ya ubongo zifanane hivyo?

Jibu: Marahaba. Anza na HTRA1. Hicho ni kimeng'enya kinachokata protini nje ya seli. Kiite mkasi wa kusafishia ukuta wa mshipa. Mgonjwa wa CARASIL amerithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama, kwa hiyo mkasi wake ni butu au hana kabisa. Vilivyopaswa kukatwa vinabaki ukutani.

CADASIL inafika hapohapo kwa kuzunguka. Protini ya NOTCH3 hukaa juu ya seli za misuli laini ya mshipa. Upande wake wa nje una vipande 34 vinavyojirudia, kila kimoja na sisteini (aina ya asidi amino, matofali ya protini) 6 zilizoshikana mbilimbili. Hitilafu za ugonjwa huu, karibu zote, huongeza au hupunguza sisteini moja: zinakuwa 7 au 5. Inayokosa mwenza inang'ang'ania chochote kilicho jirani, na mabonge yanaanza. Ndizo zile chembechembe nyeusi zinazoonekana kwa hadubini ya elektroni, hata kwenye kipande kidogo cha ngozi ya mgonjwa. Mabonge hayo hunasa protini nyingine: TIMP3, vitronektini, na mkasi wenyewe. Utafiti wa mwaka 2018 kwenye mishipa ya ubongo ya marehemu wa CADASIL ulikuta HTRA1 tele, na bado protini ambazo kazi yake ni kuzikata zilikuwa zimejaa. Mkasi upo, ila umefungiwa kabatini.

HTRA1 imekutwa pia kwenye mishipa ya wazee yenye amiloidi, protini inayorundikana ukutani. Hapo nenda polepole: mishipa hiyo huvuja damu karibu na uso wa ubongo, ilhali CADASIL hasa huziba ile ya ndani. Tena ubongo wa marehemu unakuonyesha mwisho wa safari. Kipi kilitangulia, haukuambii.

Kinachonishawishi mimi zaidi kwamba mkasi ndio kiungo cha magonjwa haya mawili ni wagonjwa wenye nakala moja tu mbovu ya HTRA1. Nao hupata ugonjwa wa mishipa midogo, ila umri ukiwa umesogea, na mara nyingi bila kunyonyoka nywele ujanani kama wenzao wa CARASIL.