Chichén Itzá kwa Siku Moja

SWALI: Shikamoo. Mwezi ujao nampeleka mama yangu, mwenye miaka 70, Cancún, Mexico. Tuna siku moja tu ya kuona magofu ya Wamaya, wenyeji wa asili wa eneo hilo, huko Chichén Itzá. Ataweza? – Msomaji, Houston

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ataweza, wala asihofie ngazi, kwani siku hizi wageni hawaruhusiwi kupanda piramidi. Eneo ni tambarare ila kivuli ni haba, basi asikose kofia na maji.

Ondokeni saa 12 asubuhi. Ni kama kilomita 200, na saa za huko, jimbo la Yucatán, ziko nyuma ya zile za Cancún kwa saa moja, hivyo mtawahi lango likifunguliwa saa 2. Mabasi ya watalii huja baadaye, pamoja na jua kali.

Simameni mbele ya ngazi za El Castillo, ile piramidi kubwa, mpige makofi: mwangwi hurudi kama mlio wa ndege. Kila upande una vidato 91. Pande nne, ukiongeza kidato cha juu, ni 365, sawa na siku za mwaka. Wamaya wale wa kale walijenga kalenda kwa mawe! Kwenye uwanja wao wa mpira, wenye urefu wa mita 168, msiharakishe kabisa. Mwache mama aitazame michongo ya ukutani.

Wauzaji wengi wa vinyago mtakaowakuta ni Wamaya wenyewe. Wasalimieni, mnunue kwao.