Ringi ya Ekzosi: Kabla Hujairudisha ya Zamani

Vijana mnaoanza gereji, zoeeni mapema sauti ya dereva wa bodaboda aliyesimama pembeni huku mnafungua ekzosi: "Fundi, si hiyo bado nzima? Irudishe tu." Kwa macho ni nzima kweli. Ila ringi inayokaa kati ya hedi (kichwa cha injini) na bomba la moshi hufanya kazi kwa kubonyea. Ukiikaza mara ya kwanza inafuata kila mkwaruzo wa uso wa hedi na wa kola ya bomba, moshi unakosa pa kupita. Ukiifungua, imeshabaki bapa na ngumu, na haitarudi palepale ilipokuwa. Kwenye Boxer, TVS na pikipiki nyingi za silinda moja zinazobeba abiria, bei ya ringi mpya haifiki robo ya usumbufu wa kufungua mara ya pili. Weka mpya.

Kuna wakati duka liko mbali na mteja yuko njiani na mzigo. Hapo angalia ringi ni ya aina gani. Ile ya bati lililofunga nyuzi au grafiti ndani, ikishabonyea imekwisha, usipoteze muda nayo. Ya shaba tupu unaweza kuifufua: ishike kwa koleo, ipashe kwenye moto wa gesi hadi iwe nyekundu iliyofifia, kisha iache ipoe au itumbukize majini. Shaba si kama chuma cha patasi, ambacho ukikitoa motoni na kukizamisha kinakuwa kigumu. Yenyewe inalainika vyovyote utakavyoipoza. Ifute ile ngozi nyeusi kwa msasa laini, ikague kama ina ufa au sehemu iliyoliwa na moshi, ndipo uirudishe. Isipokuwa na unene wa kubonyea tena, moto hautaisaidia.

Silikoni nyekundu, ile ya kuzibia, naiona sana kwenye tundu la hedi, na sijui nani aliwafundisha watu. Ile ya kawaida inavumilia nyuzi joto 300 na kidogo. Moshi unaotoka hapo pikipiki ikipanda mlima na watu wawili unapita 500. Inaungua, inakuwa vumbi, na safari hii uchafu wake umeganda kwenye uso utakaoutaka uwe safi.

Sasa niseme ninachoamini kuliko vyote: ringi husingiziwa. Pikipiki nyingi zinazorudi zikipiga "tik tik tik" asubuhi zimewekewa ringi mpya juu ya ya zamani. Ya zamani imelala ndani ya tundu, imebanwa, imepakwa masizi, na ukimulika tochi unaona kama ni sehemu ya hedi. Chukua bisibisi nyembamba au msumari uliokunjwa ncha, kwaruza taratibu ukingoni. Ukiona mng'ao mwekundu, hiyo ni shaba, na haijatoka. Ing'oe kwa kuipinda kuelekea katikati ya tundu. Usichimbe pembeni, maana hedi ni aluminiamu na itachubuka kirahisi. Kama ni ringi ya nyuzi kutoka kwenye pikipiki ya zamani, iloweshe kwanza. Nyuzi za zamani zinaweza kuwa asbesto, na vumbi lake si la kuvuta.

Stadi, yaani zile boliti zilizosimama kwenye hedi zinazoshika bomba, zikishika kutu zipewe mafuta ya kupenya jioni, zifunguliwe kesho yake. Nati ikigoma, irudishe mbele kidogo, kisha nyuma. Stadi ikikatikia ndani ya hedi unaingia kwenye kutoboa na kupiga tepu (kukata nyuzi mpya za boliti), na hapo bei ya ringi haizungumzwi tena.

Wakati wa kufunga, mpangilio ndio unaoamua. Pachika bomba, weka nati zote mbili kwa vidole, na boliti ya kule nyuma inayoshika sailensa iache legelege. Kaza nati za kwenye hedi kwanza: robo mzunguko huku, robo kule, ukiangalia nafasi kati ya flenji (bamba la bomba linalopitiwa na stadi) na hedi iwe sawa pande zote. Stadi ya milimita 6, ile ya spana 10, haitaki nguvu ya bega. Mkono mfupi unatosha. Boliti ya nyuma inakazwa mwisho. Ukianza na nyuma, bomba linavutwa upande, ringi inabonyea vibaya na stadi zinabeba uzito usio wake. Barabara ya vumbi inamalizia kazi. Kwa hiyo mteja akija na ringi iliyokatika, angalia kwanza kama ile boliti ya nyuma ipo. Mara nyingi ilishaanguka zamani.

Ukimaliza, washa injini nje, si ndani ya kibanda kilichofungwa. Ikiwa bado ya baridi, paka maji ya sabuni kwenye kiungio uone kama yanatoa povu. Usingoje ipate moto, kwa sababu vyuma vikitanuka uvujaji mdogo hujificha. Mlio wa kupasuka ukiachia mafuta kwenye mteremko nao ni dalili: hewa inaingia pale na kuchoma petroli iliyobaki bombani.

Mwambie mteja arudi kesho, injini ikiwa baridi, mkaze tena. Nati itaingia kidogo tu. Ikizunguka zaidi ya nusu mzunguko, fungua uangalie tena ndani ya tundu.