Kama Piriton haikulazi tena, usiongeze kidonge

Msomaji ameniandikia: zamani kidonge kimoja cha Piriton kilimlaza fofofo, siku hizi anameza vitatu na hapati hata lepe la usingizi. Anauliza aongeze cha nne au ahamie dawa kali zaidi. Ndugu yangu, usifanye lolote kati ya hayo. Sisi tunaosimama kwenye kaunta ya famasi tunalisikia swali hili mara kwa mara, na linaniuma, maana jibu lake lilitakiwa kutolewa siku uliponunua kidonge cha kwanza.

Piriton ni dawa ya mzio. Inatuliza chafya, kuwashwa na mafua ya vumbi. Usingizi ni athari yake ya pembeni tu, kwa kuwa inapenya ubongoni na kuzuia histamini, kemikali inayotuweka macho. Ubongo huizoea upesi. Ukimeza mfululizo, baada ya siku chache tu ile nguvu ya kulaza hupungua sana, lakini madhara mengine yanabaki. Dawa hukaa muda mrefu: saa 20 baada ya kumeza, karibu nusu yake bado imo mwilini. Ndiyo sababu unaamka na kichwa kizito na mdomo mkavu, na dereva wa bodaboda hapaswi kuigusa usiku akiwa na safari ya alfajiri. Wazee ndio wanaoumia zaidi. Inawachanganya akili na kuwaangusha wakienda chooni gizani, na mwenye tezi dume huweza kuzibwa mkojo kabisa.

Kungumanga kwenye maziwa ya moto ili kupata usingizi, kama wanavyofanya wengi Pwani, ni salama ukikwangua kidogo tu kwa ajili ya harufu. Usifikie vijiko viwili vya chai vya unga wake. Kuanzia gramu 5 hivi kungumanga ni sumu: moyo unakwenda mbio, unatapika, unaona visivyokuwepo, na hali hiyo inaanza saa kadhaa baadaye wakati umeshajilaza.

Kabla ya kutafuta dawa ya usingizi, kagua dawa unazotumia tayari. Prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe, ikimezwa jioni inakesha na mtu, kwa hiyo imeze asubuhi baada ya kula. Lasix, dawa ya kukojosha, ikimezwa jioni inakuamsha kukojoa usiku kucha. Vidonge vingi vya mafua vina kiungo cha kuzibua pua kinachochangamsha mwili. Muulize aliyekuandikia kama saa ya kumeza inaweza kubadilishwa. Chai na kahawa mnazijua: nusu ya kafeini hubaki mwilini kama saa 5 baadaye, kwa hiyo kikombe cha mwisho kiwe saa 8 mchana.

Tiba inayofanya kazi kwa anayekosa usingizi kwa miezi ni kupunguza muda wa kukaa kitandani. Najua inasikika kinyume. Kwa wiki moja andika kwenye daftari saa unayopanda kitandani, saa unayokadiria kulala, na saa unayoamka. Tuseme unajilaza saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi, lakini usingizi wenyewe ni saa 6. Zile saa 3 za kugaragara zinakifundisha kichwa kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza ada na kodi ya nyumba. Sasa panda kitandani saa 6 usiku, amka saa 12, kila siku, hata Jumapili. Anayeamka saa 11 kuswali Alfajiri aanzie hapo: ajilaze saa 5 usiku, na asirudi kitandani baada ya swala. Usishuke chini ya saa 5 za kitandani. Wiki nzima ikipita ukilala angalau asilimia 85 ya muda huo, ongeza dakika 15 mwanzoni mwa usiku, kisha pima tena.

Wiki ya kwanza utasinzia mchana, na hapo ndipo wengi wanaharibu. Wanalala kwa saa moja baada ya chakula cha mchana, wanaitumia hamu ya usingizi waliyoikusanya tangu asubuhi, halafu usiku wanasema mpango haufai. Mwenye kifafa, mwenye maradhi ya akili ya hisia kupanda na kushuka (bipolar), na dereva wa masafa marefu wasianze bila daktari.

Ukikaa macho kama dakika 20, kwa kukadiria bila kutazama simu, toka kitandani. Anayeishi chumba kimoja atandike mkeka pembeni, akae hapo kwenye mwanga hafifu hadi macho yawe mazito. Na mchana asikifanye kitanda kochi.

Kuhusu hivyo vidonge vitatu: meza viwili siku tatu nne, kisha kimoja, kisha acha, na mpango wa kitanda uanze siku unayoacha. Usiku wa kwanza utakuwa mgumu, usirudi dukani. Aliyekuwa akimeza Valium, dawa ya kutuliza wasiwasi, kila siku kwa wiki kadhaa asiikate ghafla, inaweza kuleta degedege. Daktari ataipunguza kidogo kidogo. Na ukiambiwa unakoroma hadi pumzi inakatika halafu unashtuka, nenda hospitali ukapimwe, na hadi utakapopimwa usimeze chochote cha kukulaza, pombe ikiwemo.