Una siku tatu tu, uende Praha ya Ucheki au Budapest ya Hungaria?

Jibu langu naliweka hapa juu kabisa ili msihangaike kushuka hadi chini: kama ni kati ya Novemba na Machi nenda Budapest, kama ni Mei au Septemba na una usiku mbili tu nenda Praha, na kama unawaza kuzibana zote mbili kwenye wikiendi moja, acha tu, treni kati ya hiyo miji inakula kama masaa saba na utajikuta umetalii dirisha.

Sasa tuongee. Watu huanza na picha, mimi naanza na unatokea wapi. Sisi tulioko huku mashariki ya Ujerumani, Praha ni hapo tu, kutoka Dresden ni masaa mawili na kitu, na reli inafuata mto karibu njia nzima, kwa hiyo ukiwa unaenda kaa upande wa kushoto. Ukitokea Vienna mambo yanageuka, Budapest ni masaa mawili na nusu hivi wakati Praha ni kama manne.

Uzuri wa Praha ni kwamba vitu vimebanana. Unatoka uwanja wa mji mkongwe penye ile saa ya mwaka 1410, unatembea kidogo uko kwenye daraja la Charles, lile lililoanza kujengwa 1357 lenye masanamu 30 pembeni, unavuka, unapanda kasri, siku imeisha na basi hujapanda. Shida ni watu. Jamani, watu! Kila saa ikigonga utaona umati umenyanyua simu juu, vidirisha vinafunguka, mitume wanapita mmoja mmoja, jogoo analia, basi, haifiki hata dakika moja na kila mtu anaulizana ndo hiyo tu? Darajani nenda saa kumi na mbili asubuhi, hapo utakuta wapiga picha za harusi na wewe. Ile keki ya kuzungushwa kwenye mti wanayouza kila kona wakisema ni ya asili ya pale, ni biashara ya watalii, kula kama una hamu ya sukari ila usijidanganye umeonja Ucheki.

Na mawe, barabara za katikati zimetandikwa mawe matupu, begi la magurudumu litakusumbua. Nilienda na mama mdogo ambaye magoti yake si mazuri na kilichotuokoa ni tramu namba 22, inakupandisha hadi juu karibu na kasri, halafu mnashuka taratibu kwa miguu. Kwa hiyo anza juu, usianze chini. Nyua za kasri kuingia ni bure, tiketi ni ya kuingia ndani ya majengo.

Budapest ni kitu kingine. Ni mji mpana, Buda na Pest viliunganishwa 1873, hutembei wote kwa miguu, ila tramu namba 2 inayopita kando ya mto Danube upande wa Pest inakupitisha mbele ya bunge na chini ya madaraja kwa bei ya tiketi ya kawaida, panda jioni taa zikiwaka. Lakini kilichonifanya niipende ni maji ya moto. Bafu la Széchenyi lipo tangu 1913, mabwawa ya nje, nje kuna baridi ya kukata masikio halafu wewe uko ndani ya maji ya nyuzi 38, mvuke mzito hadi humuoni aliye mbele yako, na pembeni wazee wamezama hadi kifuani wanacheza chesi kabisa, hawana habari na mtu. Beba ndala na taulo lako, vya pale bei imechangamka. Dada zangu msiopenda kuchanganyika na wanaume, angalieni Rudas, bafu la enzi za Waturuki, huwa wana siku ya wanawake peke yao, cheki ratiba kabla ya kukata tiketi.

Msosi, lángos ni andazi lililotanuka likapakwa krimu chachu na jibini, moja inatosha hadi jioni. Msiokula kitimoto ulizeni kila mahali, Wahungaria wanapikia mafuta yake hata kwenye vitu usivyodhani.

Hela. Nchi zote mbili hawatumii euro, Praha ni koruna (kama 25 kwa euro moja), Budapest ni forinti. Mashine ya kadi au ATM ikikuuliza ukatwe kwa euro au hela ya pale, chagua hela ya pale, kila wakati, hata kama mstari wa nyuma yako unanuna. Na Praha ukibadilisha hela kwenye dirisha la duka la fedha ukagundua wamekupiga, tunza risiti, sheria ya Ucheki tangu 2019 inakuruhusu kurudi ndani ya masaa matatu na kufuta, mradi kiasi hakizidi kama euro elfu moja. Wengi hawajui hili. Budapest nako, basi la eapoti 100E lina tiketi yake maalum, pasi ya kawaida haifanyi kazi humo.

Kwa mnaokuja na viza ya Schengen kutoka Dar au Nairobi, maombi yanaenda kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, zikilingana ni ile unayoingia kwanza. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na bima ya safari isipungue euro 30,000, kwa hiyo amua mji kwanza ndo ujaze fomu, maana hoteli unazoambatanisha ndizo zinazoonyesha unaomba kwa nani.