Taa ya reli yenye herufi E.A.R. & H.: ni ya Mjerumani kweli?

SWALI: Hapa Morogoro nimeletewa taa ya mkono ya gadi wa reli. Mbele ina kioo kinene kilichobinuka, na ukizungusha kofia ya juu rangi hubadilika, ila sasa imekwama. Ina kibao chenye herufi E.A.R. & H. Muuzaji anasema ni ya enzi za Mjerumani. Kinachonitia shaka ni kioo kimoja ndani, kilichopaswa kuwa kijani lakini ni cha buluu. Nitajuaje kama ni halisi, na niisafisheje?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa herufi hizo, dai la Mjerumani halisimami. E.A.R. & H. ni East African Railways and Harbours, shirika lililoundwa mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda zilipounganishwa na za Tanganyika. Mwaka 1969 bandari zilitengwa na H ikaondoka. Kibao chako, kama ni cha asili, ni cha kati ya miaka hiyo miwili.

Taa yenyewe inaweza kuwa na umri mkubwa kuliko kibao, kwa kuwa shirika jipya lilirithi vifaa vya wale waliolitangulia. Angalia kando ya kibao, kwenye kofia na chini ya kitako kama kuna herufi nyingine zilizogongwa kwenye bati na kufunikwa na rangi: K.U.R. ya Kenya na Uganda, au T.R. ya Tanganyika. Ukiona U.R. peke yake usiharakishe kutaja mwaka. Uganda Railway ni jina la tangu ujenzi ulipoanza Mombasa mwaka 1896, lakini Uganda ilikuja kuwa na reli yake tena baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Tafuta na jina la kiwanda. Taa za aina hii zilitengenezwa sana Uingereza, kwa mfano na Eli Griffiths & Sons wa Birmingham au Lamp Manufacturing & Railway Supplies wa London.

Sasa kioo cha buluu. Hicho ndicho kinachonipa imani kubwa zaidi na taa yako. Moto wa mafuta ya taa una njano na wekundu mwingi na buluu kidogo sana. Kioo cha kijani cha kawaida kikiwekwa mbele ya moto huo hutoa mwanga wa kijani-njano, na dereva akiwa mbali angeweza kuudhania mweupe. Kwa hiyo mafundi walitumia kioo chenye buluu ndani yake, ili kikichanganyika na njano ya moto kitoe kijani safi. Kipime kwa mshumaa au utambi unaowaka. Usitumie tochi ya simu, maana mwanga wake una buluu nyingi na utakudanganya. Tazama pia ukingo wa kioo: rangi ya asili imeingia unene wote. Ikiwa inakwaruzika kwa ukucha, au kipande ni cha plastiki, basi kimebadilishwa.

Taa za kuigiza ni nyingi, na nyingi hung'aa shaba tupu kwa ajili ya kuwekwa sebuleni. Taa ya kazi kwa kawaida ni bati lililopakwa rangi nyeusi, kwa hiyo sumaku itanasa mwilini. Kichomeo na kibao vikiwa vya shaba, haitanasa. Kagua maungio kwa karibu: bati limekunjwa likalehemiwa, na ribiti zake ni ngumu, hazina tundu katikati. Ribiti za aluminiamu zenye tundu, au skrubu za alama ya msalaba, ni kazi ya juzi. Huenda ni matengenezo tu, lakini zikiwa ndizo zinazoshika kibao, mlipe muuzaji bei ya taa isiyo na kibao.

Kofia iliyokwama usiilazimishe. Inazungusha pipa jembamba la bati lililobeba kioo chekundu na cha kijani, na likichanika halirudi lilivyokuwa. Toa kwanza kichomeo na tangi. Dondoshea mafuta ya taa au mafuta ya kulegeza kutu kwenye ukingo wa juu na wa chini wa pipa, acha siku mbili au tatu, kisha sogeza kidogo mbele, kidogo nyuma, huku ukiongeza mafuta. Usitumie moto wa gesi kulegeza, kwa sababu lehemu itayeyuka kabla kutu haijaachia.

Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, ambayo vumbi lake ni sumu, kwa hiyo msasa mkavu na grainda ni mwiko. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ukiwa umevaa glavu, ukaushe vizuri. Penye kutu tupu sugua taratibu kwa stiliwaya laini iliyolowa mafuta. Herufi za kibao usizing'arishe; kila unapozisugua zinapungua kina, na bila herufi, hiyo ni taa kama nyingine. Malizia kwa nta nyembamba.

Ukitaka kuiwasha, jaza tangi kwa mafuta ya taa na uliache juu ya gazeti usiku kucha uone kama linavuja. Petroli kamwe. Utambi uwe mfupi, na taa usiiache ikauke mafuta: tangi tupu hupata joto na lehemu huachia.

Kabla ya kulipa, dai karatasi ya mnada au ya kuuziwa na shirika la reli. Taa ya mkono iliyostaafu haina tatizo kubwa. Ila muuzaji huyohuyo akikuletea tokeni ya chuma yenye majina ya stesheni mbili, iache hadi uione karatasi. Kwenye reli ya njia moja, inayotumiwa na treni za pande zote mbili, tokeni ndiyo ruhusa ya dereva kuingia kipande hicho cha reli, na mashine za stesheni hizo mbili hutoa moja tu kwa wakati. Ikiibwa, mashine hukataa kutoa nyingine, na treni hubaki zikisubiri utaratibu wa dharura.